Nilikanyaga freni ya motoka, treni ikasimama

Bandugu ya Kolwezi, munisaidie: leo nimesimamisha treni na freni ya motoka yangu.

Mi mwenyewe sielewi.

Mvua iliharibu barabara ya Kamina, njo nikapandisha motoka pa wagoni ya wazi. Bakaifunga na minyororo. Nikakaa mule mule mu motoka, mikono pa volani, naichunga. Nyuma nikapatia nafasi mama mumoja wa Dilala, muuzaji wa samaki.

Tukatoka Kolwezi muzuri, motoka inaangalia mbele. Ungesema mi njo naendesha!

Tulipofika Tenke, treni ikasimama wakati murefu. Nikasinzia.

Nafungua macho: tunarudi nyuma! Miti inatoka mugongoni inaenda mbele.

Nikakanyaga freni na miguu yote mbili.

Treni ikasimama.

(Ndiyo. Treni muzima.)

Mama akaamuka. "Aksanti sana, tata." Akashuka, akaingia mu majani, akarudi, akafunga mulango.

"Sasa twende."

Nikatoa muguu. Treni ikaondoka!

Kontrolere wa treni anasema pa Tenke lokomotive ilitoka mbele ikafungwa nyuma, kila siku ni vile. Na ile kusimama? Eti ni mbuzi pa njia.

Sawa. Mbuzi gani? Mi sikuona mbuzi.

Na batu bengine benye kupanda hii wagoni habataki kusikia mambo ya mbuzi. Banapita kwa dirisha yangu moja moja: "Tata, mi nashuka Luena, usinipitishe."

Luena njo ile inaonekana mu kioo, pale nyuma yangu.

Nikanyage, ao niache?