Jengo Lisilo na Mashuka

Dobi wa ghorofa ya chini aliwajua majirani zake kwa nguo kuliko kwa sura. Nguo za kila nyumba alizitia alama ya uzi pindoni: mwekundu ghorofa ya kwanza, kijani ya pili, wa juu kabisa njano. Kwa kazi hiyo alikuwa na maringo, na nani wa kumlaumu? Ila tangu magoti yaanze kumsumbua, ngazi hakuzipanda tena. Matarishi walileta nguo na kuzifuata.

Basi afisa wa jiji alipokuja kusema jengo litavunjwa lijengwe egesho la magari, dobi aliangua kicheko.

"Mzee, mtaa wote huu umeshakuwa wa ofisi," afisa alisema. "Labda nipate familia hata moja inayolala humu. Hapo mpango unasitishwa."

"Moja tu? Bosi wangu, ngoja nikushushie jengo zima!"

Akazima pasi, akapanda huku magoti yakilia. Kwa Mama Pacha, yule wa nepi kila asubuhi, mlango ulifunguliwa na daktari wa meno. Kwa mwalimu mstaafu, maboksi ya viatu yalifika darini. Juu zaidi, mawakili. Juu kabisa, binti mwenye kalamu sikioni alimwambia, "Mashati kesho, baba. Leo hatuna."

Dobi alishika ukuta. Mashati! Yalikuwa yanalipa kuliko nepi, naye akawa anamshukuru Mungu kazi imechanganya. Mara ya mwisho kutia uzi kwenye shuka ilikuwa lini? Mungu wangu, hakukumbuka.

Alishuka anahema.

"Vipi, wako wapi?" afisa akauliza.

"Mimi je?" dobi akasema. "Wanangu wote wamezaliwa humu, chumba cha nyuma!"

Afisa akafunua pazia la chumba hicho. Palipokuwa na kitanda palisimama mashine mbili za kufulia, na mashati meupe yamening'inia ukuta hadi ukuta. Dobi aliyatazama kana kwamba kayaweka mtu mwingine.

"Na siku hizi mnalala wapi, mzee wangu?"

Kabla hajajibu, simu ililia. Ilikuwa sauti ya mkewe, kubwa, hata afisa akaisikia.

"Baba watoto, wahi basi la mapema. Huku nyumbani mvua imeshaanza."