Fito Nyeupe za Coletha

Tangu wahamishiwe kwenye mahema ya Chanzuru, Coletha alilala na viatu miguuni. Marselina wa hema la jirani hakuacha kumtania kila asubuhi: "Mama Loveth, leo safari ya wapi?" Coletha alicheka ili yaishe.

Masika yaliyopita, kule Tindiga, aliyaona maji ya mto Mkondoa yamefika kwenye shina la mgomba nyuma ya nyumba. Aliyaona jioni, akianua nguo. Akasema moyoni, yatarudi, akaenda kusonga ugali. Usiku maji yaliingia; mama mkwe wake alipatikana siku ya tatu, amekufa. Coletha mwenyewe aliokolewa juu ya paa, mwanawe Loveth mgongoni, mkono wa kulia umeng'ang'ania kenchi saa nyingi mno hata tangu siku hiyo vidole vikagoma kukunjuka vizuri. Mumewe, Budeba, mfugaji wa kutoka Kanda ya Ziwa, alikuwa mbali akichunga ng'ombe. Alipoletewa habari za mama yake hakumuuliza mkewe lolote, na kutouliza kule kulimtisha Coletha kuliko swali.

Wenyeji waliwaita wakimbizi wa mafuriko. Kisha kikundi cha wakulima cha Bi Mwanasha kikakubali kuwapa majaruba, robo eka kila familia, kwa sharti moja: upandikize mpunga pamoja na wenzako mpaka shamba zima liishe. Ukishindwa, nafasi inakwenda kwa mwingine. Coletha aliitaka robo eka ile kwa roho yake yote. Unga wa mgawo ulikuwa ukipungua kila mwezi, na Loveth alianza kuuliza kama hema ndiyo nyumba. Lakini kupandikiza ni kusimama majini kutwa, umeinama, mto umeupa mgongo.

Ndipo alipoanza kuja Vaileth, binti wa miwani kutoka Mikumi, aliyesomea kutibu watu kwa kuwarudisha kwenye kazi zao. Hakuleta vidonge wala sindano. Jumanne ya kwanza alileta beseni la matope na miche ya mpunga.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Hayo matope unatupikia?"

"Tunapanda. Dole gumba lisukume, vidole viwili vishike."

Wiki ile miche yote ililala kama walevi. Wiki ya tano ilisimama.

"Mkono uko tayari," Vaileth akasema. "Imebaki kuingia jarubani."

"Siwezi."

"Unaogopa nini hasa?"

Coletha alitazama vidole vyake. "Kuinama. Nikiinama siyaoni maji. Yatakuja nimeinama."

Vaileth hakumwambia asiogope. Akasema, "Basi tafuta namna ya kuyaona. Chochote kitakachokuingiza, kifanye."

Coletha akakata fito nane, akazimenya gome ili zionekane kwa mbali. Akazichomeka kuanzia ukingo wa maji ya mfereji kupanda tuta, kila moja juu kidogo ya mwenzake, kama ngazi. Maji yakipanda, yatazimeza moja moja. Siku ya kwanza alipanda mstari mmoja, akainuka, akahesabu: nane. Akainama tena. Siku ya pili mistari sita. Loveth alikaa juu ya tuta akiimba, na mama alimsikiliza kwa sikio moja, mto kwa jingine.

Asichojua Coletha, wala Vaileth na elimu yake, ni kwamba katika majaruba yale fito iliyomenywa gome ni mpaka. Fito mbili za juu ziliangukia upande wa Bi Mwanasha.

Siku ya tatu Bi Mwanasha alikuja amejifunga kanga kiunoni, wanakikundi nyuma yake.

"Shikamoo mama," Coletha akaamkia.

Mama yule hakuitikia, na kila aliyekuwepo aliusikia ukimya huo. "Tumekupa robo eka, unaipa miguu? Ninyi watu wa Kanda ya Ziwa mnapima shamba kwa jicho la ng'ombe! Leo umesogeza mpaka fito mbili, kesho utaniomba nihame."

"Mpaka wa nini, mama?"

"Fito nyeupe ni nini? Mapambo ya harusi?"

Watu wakacheka. Cosmas, katibu wa kikundi, akasema kwa upole kwamba anayesogeza mpaka hupoteza nafasi, afadhali akusanye vyombo vyake. Coletha alitaka kujieleza. Kusema fito ni za nini kungekuwa kusema habari ya mgomba, na hakuwahi kuisema kwa mtu. Akamtazama Loveth. Akasema.

"Zinapima maji. Kule kwetu niliyaona yanakuja. Niliyaona, nikanyamaza, mama mkwe wangu akafa. Sasa siwezi kuinama bila kuhesabu."

Hakuna aliyecheka. Bi Mwanasha aligeuka kutazama mfereji, midomo ikisogea.

"Asubuhi zilikuwa ngapi?" akauliza.

"Nane."

"Mimi naona sita."

Mvua haikuwa imenyesha Chanzuru siku nne. Lakini milimani kulikuwa kweusi, na fito ya tatu ilikuwa inatikisika.

"Tokeni," Bi Mwanasha akasema, sauti imepungua. "Wote. Miche iacheni."

Walipanda mwinuko wakikimbia, katibu na daftari lake kichwani. Walikaa huko mpaka alasiri, wanatazama, na maji yalimeza fito ya nne, yakasimama, yakaanza kushuka. Basi. Hakikuharibika hata kijaruba kimoja.

Asubuhi iliyofuata Coletha hakutoka hemani. Aliwapotezea watu siku nzima ya kazi, na alijua atakachoambiwa. Aliposikia sauti ya Bi Mwanasha nje alifunga macho.

"Mama Loveth! Jaruba halijipandi lenyewe."

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Zile fito mbili zing'oe, uzichomeke upande wako. Na kila ukihesabu, hesabu kwa sauti. Mimi nimelima pale miaka ishirini nikijidai siogopi."

Coletha aliingia majini saa mbili. Yalikuwa baridi, yakamfika chini ya magoti, na hofu ilikuwa palepale. Akasukuma mche wa kwanza kwa dole gumba, akainuka.

"Nane!" akaita.

"Nane," wakaitikia wenzake wameinama, na mikono ikaendelea.