Barua ya Faki Niliyoisoma kwa Uongo

Nyinyi wajukuu zangu mliomo vyuo vikuu, na nyinyi mliobaki nyumbani mkingoja sifa zao, kaeni kitako mnisikilize. Miye sikusoma skuli. Nilihitimu msahafu kwa Bi Mize hapa Kengeja, na kwa herufi hizo za Kiarabu alizonifundisha ndipo nikajua kusoma na kuandika Kiswahili. Elimu yangu ni hiyo, na hiyo hiyo nimeifanyia dhambi.

Siku ile sijaisahau. Nilikuwa na miaka kumi na sita, vita vikuu vya Wazungu vimekwisha juzijuzi, na kaka yangu Faki yuko Uganda, chuo kikuu, anasomea udaktari. Baba alikwishafariki. Katika ukoo wetu hakuna aliyepata kufika hata Mombasa kwa ajili ya kusoma, na huyu kavuka bahari, kapita Mombasa, kapanda treni na kwenda zake. Siku aliyoondoka alisomewa dua, na tangu siku hiyo mama yangu akaacha kuitwa Bi Mgeni. Akaitwa Mama Dokta.

Watu wana vituko! Mtoto hajajua hata kufunga kidonda, wao wanatuletea magoti yao na vikohozi vyao. "Mwatime, mwandikie kaka yako, sikio langu la kulia lavuma, nitie nini?" Na wenye husuda nao hawakosi: "Haya Mama Dokta, mwanao atatupasua lini?" Mama hucheka tu. Akifika kisimani hutekewa maji. Nami nikaletewa posa kutoka Wawi, kwa watu wenye mikarafuu yao, ambao mwaka mmoja nyuma wasingenitazama mara mbili. Ndugu wa dokta, bwana! Nikavimba kichwa.

Barua za Faki zilikuja na gari la abiria, zikiachwa dukani kwa Mhindi. Aliziandika kwa herufi za Kiarabu makusudi ili nizisome mimi, maana mama hakujua kusoma. Za mwanzo zilikuwa za furaha: joho jekundu wanalovaa wakienda kula, chumba chenye taa ya umeme, wenzake wa bara wanaomcheka akisema Kipemba chake, naye akiwacheka wakila ndizi mchana na jioni kama hakuna chakula kingine duniani.

Mwaka wa pili, mama akaja na barua mbio, unga wa muhogo bado mikononi, majirani wawili nyuma yake. "Soma, mwanangu. Soma kwa sauti."

Nikafungua. Faki kaandika hivi: "Kila asubuhi tunasimama kuizunguka maiti iliyotiwa dawa isioze, na kisu ki mkononi mwangu. Namkumbuka babu alivyokuwa akiosha maiti, akituambia maji tuyamimine taratibu kama kwamba mtu yu hai. Mwenzangu anakata huku anapiga mluzi. Yeye haoni kitu, nami simlaumu, lakini mimi siwezi. Mwezi wa tatu huu sili vizuri wala silali. Mkuu wa chuo amekubali nihamie ualimu, ila iwe kabla muhula huu haujesha. Dada, niombee radhi kwa mama. Bila radhi yake sithubutu."

Nikainua macho. Mama ananitazama. Majirani wananitazama. Nikasema: "Faki hajambo. Amekuwa wa kwanza darasani. Wazungu wanamstaajabia." Jirani mmoja akapiga kigelegele.

Wanangu, lau ningeishia hapo mngesema ni woga wa kitoto. Sikuishia hapo. Mama aliniambia nimjibu kwamba anamwombea usiku na mchana. Nikashika kalamu, nikaifikiria posa ya Wawi, nikaandika kwa jina la mama yangu mzazi: "Ukiuacha udaktari, usiniite mama."

Barua zikakoma. Miezi ikapita, mama akiuliza dukani kila gari likija. Kisha siku moja mimi niko bondeni napalilia mpunga, barua ikafika. Mama hakuweza kuningoja. Akaipeleka kwa Bi Mize, na Bi Mize akaisoma nzima, herufi kwa herufi.

Faki alisema ametii. Alishika kisu kama alivyoamrishwa, akaanguka mbele ya wenzake, mtihani ukamshinda, chuo kikamwondoa. Yuko Mombasa, karani wa bandarini. Na kwa kuwa amekatazwa kumwita mama, hiyo ndiyo barua yake ya mwisho.

Niliporudi na matope miguuni niliwakuta barazani. Mama kaishika barua mapajani. Bi Mize ndiye aliyesema.

"Mwatime, nilikufundisha kusoma yaliyoandikwa. Haya mengine kakufundisha nani?"

Nikaanza kukwangua matope miguuni.

"Mdomo unao siku zote. Leo umekwenda wapi?"

"Bi Mize, nilitaka mama asiaibike."

"Mwongo weye! Mama yako kaitwa Bi Mgeni miaka arubaini na hajapata kuaibika. Weye ulitaka posa yako."

Hapo mama ndipo aliposema, wala si kwangu: "Bi Mize, niandikie wewe. Mwambie radhi yangu anayo tangu yumo tumboni."

Faki alikuja Iddi iliyofuata, akambusu mama mikono, nami akanisalimu vizuri. Lakini nafasi ya ualimu ilikwishapewa mwengine. Alizeekea ukarani. Posa ya Wawi ilivunjika, na sikuililia. Nililolilia ni hili: mpaka mama anakufa, barua za Faki zilikuja kwa jina la Bi Mize. Mimi hakuniandikia tena hata mstari mmoja.

Na leo mnafanya yale yale! Juma lililopita mjukuu wangu Rahma, yuko mwaka wa pili chuo kikuu, alimpigia simu baba yake, mwanangu Khamis. Nilimsikia mtoto analia. Na huyu Khamis, mwanamume mzima mwenye ndevu, anamwambia: "Vumilia, usituaibishe, watu wote wanajua unasomea uinjinia." Kisha akawageukia wageni: "Rahma hajambo, anaongoza."

Mficha maradhi kifo humuumbua. Wewe uliye chuoni, likikushinda jambo liseme lilivyo, wala usimpe mtu mwengine akusemee. Na wewe uliye nyumbani, mtoto hukumpeleka kusoma ili utekewe maji kisimani. Radhi ni bora kuliko mali, na hakika ni bora kuliko jina la udokta. Ukiwa nayo mpe mwanao angali anaihitaji. Usimwekee mpaka afaulu.

Mungu awafungulie vichwa vyenu, awape walimu wenye huruma, na awakinge na sifa za watu.

Ama watu wa nyumba yangu, nimewaambia hivi: leo hakipikwi kitu jikoni mpaka Khamis akae hapa mbele yangu, ampigie mwanawe, ampe radhi kwanza, kisha anyamaze na amsikilize mpaka amalize.