Kiatu cha Mama Mkwe Juu ya Mbabula

Nyumbani kwetu kazi ya kukausha viatu ni yangu. Hakuna aliyenipa. Nilijitwalia mwenyewe, baada ya kuona mke wangu akivisogeza karibu na moto mpaka ngozi inakunjamana na gundi inaachia. Msimu wa mvua hapa Lubumbashi si mchezo: unatoka asubuhi barabara kavu, unarudi na matope mekundu hadi kwenye vifundo vya miguu. Mimi huanza kwa kufuta matope kwa kitambaa chenye maji. Natoa ile soli nyembamba ya ndani, kisha nashindilia magazeti ya zamani mpaka kule kwenye vidole, na gazeti likilowa nalibadilisha. Viatu vinalala ubavu juu ya matofali, barazani nyuma, mahali upepo unapopita. Mbabula yetu, yaani jiko la makaa, inakaa mbali navyo, na ndani ya nyumba haiingii kamwe, maana hewa ya makaa inaua watu usingizini. Nilikuwa na maringo na ujuzi wangu huo. Mimi ni mwalimu wa shule, basi hata majirani nilikuwa nawahubiria.

Jumamosi ile tulikuwa tunajiandaa kwa ubatizo wa mtoto wetu wa kwanza, kesho yake. Mama mkwe ndiye angembeba kanisani. Anaishi Kipushi, anavuka mpaka kununua unga Zambia na kuja kuuuza, na tulimtarajia jioni. Familia ya mke wangu asili yao ni Kasai, na kwao ukwe ni jambo zito. Mimi na mama mkwe hatukai chumba kimoja, hatuli pamoja, hatupeani mkono, na kutazamana usoni ni mwiko. Ukiwa na neno, unampa mtu wa tatu alifikishe, hata kama mwenyewe yuko nyuma ya ukuta na amesikia yote. Kwetu kaskazini ya Katanga hatuna ukali huo, na mwanzoni nilicheka. Baadaye nikaona ni raha tupu: mama mkwe asiyeweza kunigombeza uso kwa uso, nani angekataa?

Nilirudi mchana, mvua imeanza kupungua, nikaingia kwa mlango wa nyuma kama kawaida. Barazani nikakuta viatu vyeusi vya mwanamke vimelowa chapachapa. Mke wangu ana vya namna hiyo hiyo. Nikasikia mtu anajongeza kiti ndani, nikajua ni yeye. Mbabula ilikuwa inawaka kule mwisho wa baraza. Nikaketi na magazeti yangu, nikatia mkono kwenye kiatu cha kwanza kutoa soli ya ndani. Haikuwa soli. Kilichotoka kilikuwa kipande cha katoni ya sabuni, kimekatwa vizuri kwa umbo la mguu, kimelowa mpaka kinachanika. Chini yake palikuwa na tundu, nikauona mwanga upande wa pili.

Nilicheka kwa sauti.

“Eh, chérie!” nikapaza sauti kuelekea sebuleni. “Kumbe mu kilato yako muko katoni? Bantu batatuseka! Bibi ya mwalimu anatembea na katoni ya sabuni! Ungeniambia, ningekuletea ya frigo, ile njo ya nguvu!”

Nikangoja anijibu, kwa maana mke wangu ulimi wake haulali. Badala yake nikasikia mtu anakohoa kidogo, kikohozi cha mtu mzima anayejizuia. Na hapo hapo geti likafunguka, mke wangu akaingia na mwavuli, mtoto mgongoni, anatoka dukani.

“Uko nashika nini?” akaniuliza. “Ile ni bilato ya mama! Alifika mapema, iko mule ndani, ku salon. Weye unatia mukono mu kilato ya mama mukwe? Mais uko muzima kweli?”

“Sikujua.”

“Weka chini. Nalalisha mutoto, kiisha nitakuya kukausha miye mwenyewe.”

Akaingia ndani. Ile katoni nilikuwa nimeificha kwenye kiganja, na maji yake yanachuruzika hadi kwenye kiwiko. Sijawahi kuona haya namna ile. Mke wangu kila siku husema, mama iko bien, biashara inatembea. Mama mwenyewe haji mikono mitupu. Hata siku ile, nilikuja kujua, alileta gunia la unga na shali jeupe la mtoto. Na mimi nilikuwa nimemcheka, naye yuko nyuma ya ukuta anasikia. Kuomba radhi ningeombaje? Neno langu lazima lipitie kinywa cha mke wangu, na ili alifikishe, ningepaswa kumwambia kuhusu katoni. Nikinyamaza, mke wangu anakuja mwenyewe sasa hivi, anakigeuza kiatu, anaona tundu.

Nikamsikia anaimba wimbo wa kumlaza mtoto. Nikatupa katoni ndani ya makaa. Halafu nikakichukua kile kiatu, nikakilaza kwenye moto, soli chini. Mpira ulianza kutokota, ukatoa moshi mweusi unaonuka hadi barabarani. Tundu likapanuka, likala kisigino na upande mzima.

Mke wangu alitoka mbio. Sitarudia yote aliyoniambia. Alisema ninamchukia mama yake, akasema professeur wa kukausha viatu anachoma viatu. Nikasema tu nilikisahau kwenye moto. Akaenda sebuleni analia, nikamsikia anamweleza mama yake. Halafu sauti ya upole ya mama mkwe ikapanda, ipite ukutani:

“Muambie bwana yako, kilato yangu ilikuwa nzima.”

Mke wangu akatoka na macho mekundu. “Umesikia? Mama anasema ilikuwa nzima!”

“Nimesikia,” nikasema. “Muambie mama, ndiyo, ilikuwa nzima. Miye njo niliiharibu.”

Mama mkwe alikwenda ubatizoni na sandali za mke wangu, zikimbana, akambeba mtoto vizuri mpaka mwisho. Tangu hapo kila nikifika kwenye sherehe ya wakwe, mtu hupiga kelele, “Ficheni bilato, bwana mukwe amefika!” na ua mzima unacheka, isipokuwa yeye. Yeye huinamisha macho, na mimi huinamisha yangu. Shangazi zake mke wangu hufurahi sana wakituona hivyo. Wanawaambia vijana watuangalie sisi wawili, wajifunze heshima ya ukwe ilivyo.