Bidoni Nilizowagawia

Nilirudi nyumbani Rumonge kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania na mashati mawili na diploma ya kilimo. Leo nina nyumba ya matofali, michikichi kule Gatete, na nyanya ambazo watu hushuka kwenye pikipiki kuzitazama. Sikumwajiri mtu wa kupulizia dawa ya wadudu. Nilichanganya mwenyewe kwenye pipa, mkono mtupu mpaka kwenye kiwiko, kwa sababu mkono uliosoma hujua dawa imekolea lini. Glavu niliona ni za waoga.

Bidoni za dawa, yale madumu, zilizobaki tupu niliwagawia ndugu. Plastiki nene, mfuniko unabana. Kwetu hiyo ni zawadi ya heshima. Shangazi yangu alipata nne, akajaza mawese.

Mwaka wa tano wa ndoa hatukuwa na mtoto. Shangazi alikuwa akiingia bila hodi.

"Amahoro, muke wa musomi. Tumbo yako iko kwenye konji, likizo hiyo itaisha lini?"

Alikwisha kuniwekea msichana wa kuoa kule Kigwena. Mimi nilinyamaza, na kunyamaza kule kunanitia kinyaa hadi leo. Mke wangu alikunywa maji ya mizizi ya kushika mimba kila asubuhi, macho kayafumba. Siku moja aliweka kikombe chini.

"Mimi nimepimwa mara tatu. Wewe na diploma yako hamujapimwa hata mara moja."

Nikaenda kupimwa nikiwa na uhakika kwamba mimi ni mzima. Daktari alisoma karatasi ya maabara: mbegu chache, nyingi zimelemaa, haziogelei. Kisha akautazama mkono wangu wenye mabaka.

"Unafanya kazi gani, baba?"

Nilimweleza kwa fahari, mpaka habari ya pipa. Hakucheka.

"Dawa hupita kwenye ngozi, na inaweza kuharibu mbegu. Siapi kwamba ni hiyo peke yake, lakini usiiguse tena. Mbegu mpya huchukua kama miezi mitatu kukomaa. Rudi baada ya hapo. Na zile bidoni mnazitupa wapi?"

Fuvu la kichwa limechorwa kwenye kila bidoni, na mimi ndiye niliyewafundisha wakulima kusoma maandishi yake.

Nilikwenda moja kwa moja kwa shangazi. Alikuwa akikaanga ndagala, dagaa wa ziwa letu. Nilifungua bidoni, na chini ya utamu wa mawese ikapanda harufu ya dawa, ile ya shati langu la kazi. Nimekula jikoni humo kila Jumapili. Nilitapika mlangoni. Kisha nikachimba shimo, nikamwaga yote, nikazitoboa bidoni kwa panga.

"Umerogwa? Mafuta yangu!"

"Shangazi, mwenye konji ni mimi. Si mke wangu."

Alicheka, nikampa karatasi. Aliigeuza, akaniuliza kila mstari unasema nini, nami nikamsomea yote, pale uani.

"Na yule musichana wa Kigwena?"

"Aolewe na mwingine."

Alifunga kitenge, akaongoza njia hadi kwangu. Hakumwomba mke wangu radhi, hajui kuomba. Alichukua kikombe cha mizizi mezani, akanisukumia kifuani.

"Kunywa wewe sasa."

Mke wangu aliegemea mlango akinitazama. Nilimeza mara moja tu. Maji yalikuwa machungu, yananuka udongo uliooza. Yeye alikuwa ameyanywa kwa miaka minne.