Mbegu Zangu Zinangoja Bahari

Sisi tuliokulia bara, upande mkavu wa Kyuso, bahari tuliijua kwa chumvi tu. Mwenye duka, mzee wa Kiislamu ambaye jamaa zake walitoka pwani, alitufungia chumvi kwenye karatasi na kutuambia kwamba huko ilikotoka kuna maji yasiyo na mwisho. Hatukumwamini hata kidogo. Maji tuliyajua sisi. Yalikaa chini ya mchanga wa mto, na ili uyapate ulipiga magoti ukachimba mpaka mkono wote ukazama, kisha ukangoja yajikusanye polepole huku akina mama wakinung'unika nyuma yako. Maji yasiyo na mwisho! Tulicheka njia nzima mpaka nyumbani.

Nakumbuka miezi ya upepo, kabla ya mvua za mwisho wa mwaka. Vumbi lilikuwa jekundu, liliingia kwenye nywele, kwenye sufuria, hata kwenye uji. Wasichana tulicheza kora kwenye kivuli cha ghala, vijiwe vikiruka na kudakwa, na mama alipoita ilibidi kuitika mara ya kwanza, maana ya pili ilikuja na fimbo. Yeye alikaa na ungo akichagua mbegu za kunde na pojo, zile nzima zisizotobolewa, akiziimbia wimbo wa kanisani kwa sauti ndogo kama anayebembeleza mtoto. Baba naye aliwafunga ng'ombe kwenye plau. Tulipanda udongo ukiwa mkavu kabisa, mbegu zikilia kama kokoto zilipoanguka kwenye mtaro.

"Mvua yetu haina subira," baba alikuwa akisema. "Ikija, ikute mbegu ziko chini."

Watu wote wa mlima wetu walipanda hivyo. Watu wa mwethya, lile kundi letu la kusaidiana, walitoka shamba hili wakaingia lile, na mchana tulikula muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na kunde, kwenye karai moja, vidole vikigongana. Na mwaka ambao mvua ilidanganya, ikanyunyiza kidogo ikaondoka, mbegu zikaota na kuungua, mama alinipa kiondo kitupu na kunituma ng'ambo ya korongo. "Nenda kwa kina Syombua uwaambie zetu zimelala." Sikuhitaji kueleza zaidi. Kiondo kilirudi kizito. Msimu mwingine ni Syombua, msichana wa rika langu, aliyekuja kwetu na kiondo chake, akichechemea kwa mwiba, na mama akampimia mbegu kabla hata hajasalimia vizuri.

Bahari iliingia maishani mwangu kupitia beseni. Mwalimu wetu wa jiografia, kijana mrefu aliyevaa kaptula iliyopigwa pasi kama karatasi, alituambia kila mmoja aje na kibuyu cha maji. Tulidhani ni ya kumwagilia miti ya shule. Yeye akayamimina kwenye beseni la bati, baridi kutoka mchangani, kisha akachukua maji ya moto kutoka kwenye birika, akayatia wino wa buluu na kuyalaza juu taratibu kwa kijiko. Buluu ile ilielea.

"Sasa pulizeni," akasema. "Nyinyi ndio upepo."

Tukajipanga upande mmoja, tukapuliza mpaka mashavu yakauma. Buluu ikasukumwa ng'ambo, ikarundikana kwenye ukingo wa pili, na huku kwetu yakapanda maji meupe ya baridi kutoka chini. Mwalimu akatwambia kwamba hivyo ndivyo bahari inavyofanya. Upepo husukuma maji ya moto, yakasafiri mbali sana na kupasha nchi za watu wengine. Yakifika kwenye baridi kali huzama, yakarudi chini kwa chini, polepole mno, na hakuna anayeyaona yakipita. Nilirudi nyumbani nimejaa habari hiyo, nikamsimulia mama.

"Nimekupa maji ya mchangani," mama akasema, "mkayapuliza?"

"Ndiyo, mama."

"Na mlipomaliza kuyapuliza, mkayamwaga?"

"Mwalimu aliyapeleka kwenye miti."

Akafikiri kidogo. "Basi huyo mwalimu ana akili kiasi."

Mengine yote mwalimu hakuyajua, kwa kuwa hata wataalamu wakati ule hawakuwa wameyaona. Nimeyasikia uzeeni, kwenye redio ya Kikamba, yakielezwa pole pole na watu wa hali ya hewa. Kumbe bahari hii yetu ina pande mbili. Maji ya moto yakisogea upande huu wa Afrika, mawingu hujaa, na mvua ya Oktoba hadi Desemba hutunyeshea mpaka mito inachukua mifugo. Yakisukumwa ng'ambo, kule visiwa vya mashariki, sisi tunabaki na maji ya baridi pwani na mbingu tupu huku juu. Na bahari nyingine kubwa, mbali kuliko hii, nayo hutia mkono wake. Mvua ya El Niño, iliyoanzia huko, hakuna kati yetu aliyeisahau. Wanasema pia kwamba joto linalozidi duniani, sehemu yake kubwa inamezwa na bahari. Imekuwa ikitubebea mzigo miaka yote hii bila kusema, na sasa imeanza kuchemka vibaya: ukame wenyewe unakuwa mkali zaidi, mafuriko nayo vilevile. Hata ule mwendo wa maji ya chini, wanahofia unapungua.

Mimi niliyefundisha Shule ya Jumapili miaka mingi, nikiwaambia watoto kwamba Mungu ndiye aliyeiwekea bahari mipaka, maneno hayo hayakuniondolea imani. Yameniongezea unyenyekevu. Tulipokuwa tukipiga magoti kanisani kuomba mvua, tulitazama juu. Kumbe jibu lilikuwa likisafiri kwenye maji ambayo wengi wetu tutakufa bila kuyagusa.

Wajukuu wangu wakija Krismasi wananichekesha. Mmoja aliiuliza simu kama nje kunanyesha, na mlango uko wazi, na kuku wamelowa. Lakini wakija ni siku chache. Mume wangu nilimzika kando ya shamba la juu. Wanangu wa kiume wako Nairobi, na binti yangu Mwikali ana duka kule Malili, kando ya barabara kuu. Nyumba za mlima huu nyingi zimefungwa kufuli. Jioni nikiwasha moto naona moshi mwingine mmoja tu, ng'ambo ya korongo, wa Syombua, ambaye naye ni mjane kama mimi.

Mwaka huu redio ikasema maji ya moto yamesogea ng'ambo, na mvua yetu itakuwa haba na ya kuchelewa. Nikatoa debe la mbegu, nikaliweka mezani, nikalitazama. Ni mbegu za ukoo wa zile za mama, na debe halijajazwa tena tangu mavuno mabaya ya juzi. Nikipanda kwenye ukavu kama baba na mvua idanganye, zimeisha, na nyumba za kupeleka kiondo zimefungwa. Nikingoja mvua inyeshe kwanza, udongo wetu hukauka upesi, na mwanamke mmoja mzee mwenye jembe hawezi kumaliza shamba kabla unyevu haujapotea. Zamani kungoja kuliwezekana kwa sababu ya mikono mingi, na kupanda mapema kuliwezekana kwa sababu ya maghala mengi. Mimi sina hiki wala kile.

Mwikali, anayeniita mama kwa lugha yetu, akapiga simu. "Mwaitu, usipande saa hii. Umesikia redio?"

"Nimesikia. Na nikingoja, nitapanda na nani?"

Nilisikia magari ya barabara kuu yakipita nyuma yake. "Ngoja inyeshe. Ikinyesha nipigie, hata kama ni alfajiri. Nitafunga duka nije na watoto."

"Duka utalifunga?"

"Mwaitu, si nimesema?"

Syombua alikuwa amekwisha kupanda zake. Alipopita akakuta mitaro yangu mitupu, akasimama, mikono kiunoni.

"Mama Mwikali! Mpaka leo? Unangoja nini?"

"Bahari."

"Bahari!" Alicheka mpaka akashika ua. "Wewe bahari inakujulia wapi?" Kisha akatulia, akayatazama mawingu membamba. "Na zangu zikiungua?"

"Utaleta kiondo."

"Na zikimea?"

"Nitakuja na changu."

Akaitikia kwa kichwa, akaenda zake, na mlima ukanyamaza tena.

Nililirudisha debe ndani. Ni Oktoba ya kwanza ya maisha yangu kupita bila mbegu yangu kuwa ardhini, na mwili wenyewe unashangaa. Mikono inaamka kabla yangu ikitafuta jembe. Namshukuru Mungu kwa uzima na kwa pumzi ya kungoja. Lakini acha niseme kweli kwenu mlio wa rika langu. Enzi zile tulingoja mvua tukiwa wengi, na ilipochelewa tulikuwa na wa kulalamika naye, wa kuimba naye, wa kula naye kwenye karai. Mvua ilikuwa ya chakula tu. Siku hizi nikipiga magoti na kuomba maji yale ya mbali yageuke na kusogea upande wetu, siombi kunde peke yake. Naomba matone ya kwanza yagonge bati, ili nipate sababu ya kuinua simu na kumwambia mwanangu: imenyesha, njooni nyumbani.