Ritifaa ya Ng'ombe

Mimi ni fundi wa redio na simu hapa Kibondo. Kuandika programu nilijifunza mwenyewe, ukubwani, nikinakili kila kosa kwenye daftari. Programu yangu ya kwanza kutumiwa na mtu mwingine ilikuwa rejista ya chanjo ya ng'ombe. Msimu uliotangulia rejista ya karatasi ililoa mvua. Ng'ombe wa kaka yangu kule Titye akarukwa wakati wa chanjo, na akafa.

Daktari wa mifugo wa Kasulu, mama aliyehamishwa kutoka Tanga, alikubali kuijaribu. Nilipomwonyesha mara ya kwanza alicheka.

"Fundi, 'ngombe' ndiye mnyama gani? Huyu umemkata pembe."

Niliona haya; nilikuwa nimeiacha ritifaa, ile alama ndogo ya juu baada ya ng. Sisi tuliokua na Kiha nyumbani tunajua Kiswahili chetu kinasikilizwa kwa kutafutwa makosa. Nikasahihisha kila mahali, hata jina la folda yenye amri za kuundia programu.

Asubuhi ya chanjo nilifika ofisini kwake na kompyuta yangu, niunde toleo lililosahihishwa na kuliweka kwenye simu yake. Dawa ilikuwa tayari kwenye sanduku la barafu, na wafugaji wa Titye walikuwa joshoni tangu alfajiri. Nikaanza. Kompyuta ikajibu: amri haijapatikana.

"Barafu hainisubiri," alisema. "Nichukue karatasi?"

"Nipe nusu saa, dokta."

"Nusu saa ya fundi naijua!"

Hata hivyo aliketi.

Sikutaka kubahatisha. Niliangalia kwanza kama amri ipo. Ipo. Nikaingia ndani ya folda, nikaiita hapo hapo, ikaitika. Basi haikupotea, kompyuta ndiyo haikujua pa kuitafuta. Nikaitisha orodha ya njia, yaani mahali kompyuta inapotafuta amri. Folda yangu haikuwemo, ingawa juzi niliiandika kwa mkono wangu. Nikafungua faili la njia, nikalisoma herufi moja moja, kidole kwenye kioo, mpaka kidole kikasimama kwenye ng'ombe.

Ritifaa. Kwetu ni sehemu ya neno. Kwa kompyuta ni mwanzo wa nukuu, nayo ilikuwa ikingoja alama ya kuifunga ambayo sikuiweka. Mstari wote ukatupwa.

"Dokta, pembe uliyonirudishia imeziba njia."

"Ukimkata tena nitakucheka mpaka wasikie kule Kabanga."

Sikumkata. Folda niliiita *inka*, ng'ombe kwa Kiha, neno lisilo na alama yoyote. Nikabadilisha faili la njia, nikaiwasha kompyuta upya, nikatoa amri ileile. Ikapita. Nikaliweka toleo kwenye simu ya dokta, na neno lilisomeka ng'ombe, na pembe zake. Akafunga sanduku kwenye pikipiki, akaondoka.

Alasiri kaka yangu alipiga simu. Ndama wake amechanjwa, alisema, na jina lake kama mwenye ndama ameliona mwenyewe kwenye simu ya dokta.